Nilivyoitayarisha gari yangu kwa rangi mpya, Wete

Fundi wa rangi hapa Wete alinipa bei mbili. Ya kwanza, kazi yote afanye yeye. Ya pili, karibu nusu yake, nimpelekee gari iliyokwisha kupigwa msasa, yeye apulize tu. Nikashika ya pili, naye akaweka sharti: "Lakini mwanangu, rangi ikija ikavimba, hiyo ni yako, si yangu."

Sharti la haki, maana gari za visiwani huvimba rangi mno, na lawama mara nyingi si ya rangi. Ni chumvi. Upepo wa bahari huileta ikakaa kwenye bodi bila kuonekana. Ukiipakia rangi juu, inavuta unyevu kupitia kwenye rangi hiyo hiyo, na baadaye vinatoka vilengelenge. Kwa hivyo kazi nzima niliipanga kwa kuikimbia chumvi, nikaanza na maji. Kisima chetu kina uchumvi kidogo. Kwa kufulia hakina neno, kwa gari sikukitaka. Nilijaza madumu maji ya mfereji, na hayo ndiyo pekee yaliyogusa bodi, hata yale ya kulowekea msasa.

Masika yalipokwisha, niling'oa taa, vitasa na mipira ya vioo. Watu huvizungushia tepu, lakini rangi mpya huanzia kubanduka hapo hapo pembeni mwa mpira. Nikaosha kwa sabuni ya vyombo, kwa sababu shampuu nyingi za gari zina nta. Ilipokauka nikapangusa kwa dawa ya kuondoa mafuta: kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla dawa haijakauka. Hili lifanywe kabla ya msasa. Polishi za kung'arisha tairi na dashibodi zina silikoni, na ukisugua kabla ya kuiondoa unaishindilia ndani ya mikwaruzo, halafu rangi ikija inakimbia na kuacha vishimo vya duara.

Nililowesha kitambaa kwa tina nikakibandika kidogo kwenye rangi ya zamani, ndani ya fremu ya mlango. Haikuyeyuka wala kulainika, nikajua inaweza kubaki kama msingi. Paa na boneti zilikuwa na habari nyingine: klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, imebanduka kwa jua, mabaka kama ngozi ya kenge. Klia iliyoanza kubanduka haina suluhu, inaondoka yote. Nilitumia msasa namba 180 juu ya kibao, nikamalizia na 320, nikitanua kila ukingo mpaka kiganja kikipita kisihisi ngazi. Macho hapo hayasaidii. Na vaa barakoa. Vumbi hilo si la kuvuta.

Penye kutu, chini ya milango na kwenye madigadi ya nyuma, ndipo palipokula muda. Brashi ya waya kwanza, kisha msasa namba 80 mpaka chuma cheupe. Dawa ya kutu ya asidi niliiacha dukani, kwa kuwa nilikusudia praima (rangi ya kwanza ya chini) ya epoksi, na epoksi haishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi. Vijitobo vya kutu havidanganywi kwa puti, ile ya kujazia mabonde; viwili vilikwenda kwa mchomeleaji.

Chuma kilichoachwa wazi hapa hakilali usiku. Umande ukikishukia, alfajiri unakikuta kimeshapiga wekundu. Basi nilifanya kipande kwa kipande: nasubiri jua likaushe bodi, nakwangua, nafuta mafuta, na kabla ya alasiri kipande hicho kimeshapata epoksi. Wengi huvua rangi gari zima kwa mara moja wakaona wamepiga hatua. Mimi naona wameialika kutu.

Puti niliiweka juu ya epoksi, si juu ya chuma. Hadina, dawa ya kuigandisha, ni kiasi cha sehemu mbili kwa mia, na kwa joto letu changanya kidogo kidogo, la sivyo inagandia kwenye kibati. Puti hunywa maji, kwa hiyo msasa wake ni mkavu tu. Msasa wa maji ulisubiri mpaka praima ya kujazia ifunike kila kitu: nikapuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu yake, nikasugua kwa namba 400 kisha 600. Weusi uliobaki ulinionyesha mabonde yalipo.

Fundi aliizunguka gari juani akitafuta mahali panapong'aa, kwa kuwa kinachong'aa hakijapigwa msasa na rangi haitashika. Akauliza mbona ndani ya fremu za milango sikugusa. Nikamwambia rangi ni ile ile nyeupe na huko jua halifiki, pabaki hivyo hivyo. Akacheka, akawasha kompresa.