Karatasi ya 38

Karatasi ya maabara ilikuwa imekunjwa mara nne, na Baba hakuitoa mfukoni mpaka tulipovuka daraja la Jinja. "Soma tena," akaniambia. Nikasoma: CRP, 38, na pembeni mshale mwekundu unaotazama juu. Yule aliyetupa majibu kwenye zahanati moja ya Busia alikuwa ameongeza ya kwake, kwamba mishipa ya moyo inaungua, twende Kampala haraka.

Ilikuwa 2019. Baba alikuwa ameendesha malori kati ya Mombasa na Kampala kwa miaka 27, na sijawahi kumwona akipita soko la barabarani la Namawojjolo bila kununua kuku wa kijiti na gonja, zile ndizi za kuchoma. Siku hiyo wachuuzi waligonga dirisha la teksi, yeye akageuza uso. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Maumivu yenyewe ya kifua hayakuwa ya jana. Kwa miezi kadhaa, akipanda kwenda msikitini, alikuwa anasimama katikati ya mlima na kujifanya anatoa kijiwe kwenye ndara.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyekulia kambi ya jeshi, Kiswahili chake kimenyooka. Karatasi aliiweka kando. Kifua kinabana ukifanya nini, Mzee wangu? Ukipumzika kinaachia? Sigara umevuta miaka mingapi? Kisha akauliza kama aliugua hivi karibuni.

"Malaria," nikadakia. "Dawa kamaliza juzi."

Akacheka kidogo. CRP, akasema, ni protini inayotengenezwa na ini mwili unapopigana na kitu. Iligunduliwa 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, wala si wa moyo. Malaria huipandisha, kidonda pia. Anayepima hatari ya moyo hutumia kipimo chake kilicho nyeti zaidi, na namba zake ni ndogo: chini ya 1 ni vizuri, 1 hadi 3 ni wastani, zaidi ya 3 hatari imepanda. Ikivuka 10, tafuta kwanza ugonjwa mwingine, urudie mwili ukishatulia.

Baba akafikiri. "Kwa hiyo damu inapiga kelele za mwizi, ila haisemi yuko nyumba gani."

"Ndivyo hasa. Lakini mwizi mmoja anaweza kuwa kwenye mshipa." Akachora bomba kwenye bahasha. Kolesteroli hujipenyeza ukutani, chembe nyeupe za damu huifuata, pakaanza mchochota, yaani ukuta unavimba na kuwaka kwa ndani. Utando wa mafuta ukipasuka, damu huganda juu yake na njia ikazibika.

Kilichotuambia habari yake halisi ni mashine ya kutembea juu yake huku moyo unapimwa. Hakufika mbali, kifua kikabana na mistari ya moyo kwenye kioo ikabadilika. Akaandikiwa aspirini na statini, dawa ya kushusha kolesteroli. Baba akabisha, mbona kolesteroli yake iko sawa? Akajibiwa kwamba yeye tayari ana ugonjwa wa mishipa, na dawa hiyo ni ya wenye mishipa kama yake hata namba ikipendeza. Tena kuna utafiti wa 2008, wa watu karibu 18,000 ambao kolesteroli yao haikuwa juu ila CRP ilikuwa imepanda: waliopewa statini walipata mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko wenzao. Mabishano yakaisha, ingawa kwa Baba kuisha maana yake ni kunyamaza.

Wiki tatu baadaye tulirudia kipimo kile nyeti. 4.2. Daktari akamwambia afungue mdomo, akamulika, akashusha pumzi. Gego la chini lilikuwa limeoza na fizi zinatoka usaha. Hakutuahidi kwamba kuling'oa kutaponya moyo; alisema tu hapo pana moto mmoja tunaoujua, hakuna sababu ya kuuacha.

Baba aliomba apewe jino lake. Akalifunga kwenye ile karatasi ya 38, akatia mfukoni. Tulipofika Namawojjolo akafungua kioo mwenyewe na kuuliza bei ya gonja, ganzi haijamtoka, mate yanamchuruzika kidevuni.