Nilivyoianika Historia ya Hyrule kwenye Kamba ya Katani

Hyrule Historia si kitabu cha kusomwa kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na anayekushauri ukisome hivyo huenda hajawahi kukifungua. Nasema haya kwa majivuno kidogo, kwa sababu hatimaye nimekiweza, tena baada ya kuvumilia ushauri mwingi wa watu waliokiona kwenye picha tu. Ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu la kijani na nembo ya rangi ya dhahabu, kilichotolewa kwanza Japani na Shogakukan mwezi Desemba 2011, wakati michezo ya video ya The Legend of Zelda ilipotimiza miaka 25, kisha kikatolewa kwa Kiingereza na Dark Horse mwezi Januari 2013. Bei yake iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 34.99. Changu kilinifikia Tanga ndani ya sanduku la shemeji aliyekuja likizo kutoka Uingereza, na gharama ya usafiri nililipa kwa korosho na dagaa alivyorudi navyo, ambavyo kwa hesabu ya haraka vilikaribia bei ya kitabu chenyewe.

Nilikihitaji kwa sababu ya wapwa zangu. Ninayo Wii ya zamani, mashine ya michezo ya Nintendo, ya lile toleo la mwanzo linalokubali pia diski za GameCube, mashine iliyoitangulia, na vijana hao walikuwa wamekwisha kumaliza Twilight Princess na The Wind Waker. Mkubwa wao alinijia na swali ambalo sikuwa na jibu lake, kuhusu adui mkuu wa michezo hiyo: "Mjomba, huyu Ganondorf tumemuua kwenye mchezo ule, mbona huku yupo tena, na nchi yote iko chini ya bahari?" Nilijua kwamba jibu limo katika sehemu ya kati ya kitabu hicho, ambako watengenezaji waliipanga kwa mara ya kwanza hadharani historia nzima ya Hyrule, nchi ya michezo hiyo, mchezo baada ya mchezo. Kulisoma jibu kulikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kulieleza kwa watoto watatu, kila mmoja akiwa na mchezo anaoushabikia.

Mshauri wa kwanza, kijana mwenye sauti kubwa kuliko uzoefu wake, aliniambia nifunge kitabu na nicheze michezo yote kwa mpangilio wa historia hiyo. Hebu tuupime ushauri huo. Kwa mpangilio wa kitabu, unaanza na Skyward Sword ya mwaka 2011, ambayo kwenye Wii haichezeki bila kifaa cha MotionPlus. Wa pili ni The Minish Cap wa mwaka 2004, ambao ni wa Game Boy Advance, mashine nyingine kabisa. Wa tatu ni Four Swords, uliotoka mwaka 2002 ukiwa pamoja na A Link to the Past katika kaseti moja, na katika toleo hilo hauchezeki na mtu mmoja: wanahitajika angalau wawili, kila mmoja na mashine yake na kaseti yake, pamoja na waya wa kuziunganisha. Yaani kabla hujaufikia mchezo wa nne umekwisha kununua nusu duka, na bado umeme haujakatika.

Mshauri wa pili alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na ushauri wake ulinipotezea muda mwingi zaidi kwa sababu ulisikika kuwa wa busara. Alisema nichore shajara ya nasaba, kama zile za koo zinazotundikwa sebuleni, nikianza na mababu juu na kushuka kwa wajukuu. Nilinunua karatasi za manila, rula ndefu na kalamu za rangi, nikafuta vumbi mezani, nikaanza. Juu nikamweka Link wa Skyward Sword. Chini yake nani? Shujaa wa kila zama anaitwa Link na anavaa mavazi yanayofanana, lakini mara nyingi si mtu yule yule, wala kitabu hakitoi mlolongo wa nani kamzaa nani. Wakati huo huo, Link wa Ocarina of Time na wa Majora's Mask ni mtu mmoja, na wa The Wind Waker ndiye yule yule wa Phantom Hourglass. Zelda naye yuko karibu kila zama, kila mara binti mwingine. Ganondorf, kinyume chao, ni yule yule anayefungwa, anayetoroka, na katika mchezo mmoja, Four Swords Adventures, anayezaliwa upya. Ilipofika alasiri nilikuwa na karatasi yenye mistari inayorudi juu, na mzee mmoja aliyekuwa babu yake mwenyewe. Mpwa wangu mdogo aliitazama akauliza kama ni ramani ya mabomba ya maji.

Ndipo akili ikanijia, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Tanga ni nchi ya mkonge, na kamba ya katani haikosekani dukani kwa bei ya kutupa. Ukiikata kamba hiyo utaona kuwa ni nyuzi nene tatu zilizosokotwa pamoja. Basi nilipigilia msumari mmoja mwanzo wa ukumbi, nikafunga kamba, nikaivuta hadi katikati, kisha kuanzia hapo nikaisokotoa, nyuzi zote tatu zikaachana, nikauvuta kila uzi hadi kwenye msumari wake ukutani mwa pili. Mahali pa kuachana nilipazungushia uzi wa kushonea ili kamba isiendelee kufumuka. Hapo ndipo panapokaa Ocarina of Time, na hapo ndipo kitabu kinapoipasua historia kuwa matawi matatu. Sikuongeza kamba hata moja. Ni ile ile moja iliyogawanyika, na ndivyo hasa kitabu kinavyosema.

Kila mchezo niliutengenezea kadi ya manila yenye picha, nikaibana kwa kibanio cha nguo. Kabla ya mgawanyiko zikakaa Skyward Sword, The Minish Cap na Four Swords, kisha Ocarina yenyewe kwenye fundo. Uzi wa kwanza ni ule wa Link kurudishwa utotoni na Zelda baada ya ushindi: Ganondorf anafichuliwa mapema, anahukumiwa, na baada ya Majora's Mask inakuja Twilight Princess, halafu Four Swords Adventures. Uzi wa pili ni wa ile dunia ya utu uzima aliyoiacha Link, iliyobaki bila shujaa. Ganondorf anarudi, hakuna wa kumzuia, na miungu inaigharikisha nchi, kwa hiyo The Wind Waker, Phantom Hourglass na, baadaye sana, Spirit Tracks pamoja na treni zake. Hapo mpwa wangu mkubwa akawa amepata jibu lake bila mimi kufungua mdomo.

Uzi wa tatu ndio uliowashangaza wapenzi wa michezo hii wakati kitabu kilipotoka, kwa maana huo ni wa shujaa kushindwa. Ganon, yaani Ganondorf aliyegeuka dubwana, anamwangusha Link, wenye hekima wanamfungia Ganon huyo katika Ulimwengu Mtakatifu kama hatua ya mwisho, na kutoka hapo inaendelea hadi A Link to the Past na hata mchezo wa kwanza kabisa wa mwaka 1986. Mpwa wangu wa kati, ambaye amekwama kwa muda mrefu kwenye pambano la mwisho la Ocarina, aliusikiliza ufafanuzi huu kwa umakini usio wa kawaida yake, kisha akasema, "Kwa hiyo, Mjomba, uzi huu wote umetokana na mimi?" Nikamwambia ndiyo, na asiwaambie watu.

Kuhusu picha za kwenye kadi: usikipeleke kitabu steshenari kikabanwe kwenye mashine ya kopi, kwa sababu ni kizito na uti wake utaachia. Nilipiga picha kwa simu karibu na dirisha, asubuhi, kitabu kikiwa kimeinamishwa kidogo ili karatasi zake zinazong'aa zisirudishe mwanga, nikachapisha picha ndogondogo kwa elfu chache. Picha nzuri zaidi haziko kwenye historia. Ziko kwenye sehemu ya kwanza, inayohusu utengenezaji wa Skyward Sword, na kwenye sehemu ya tatu, yenye michoro ya awali ya michezo ya zamani, baadhi yake ikiwa na maelezo ya wachoraji pembeni. Ndiyo maana nasema uanze katikati, kisha urudi mwanzo ukiwa unajua unachokitazama. Hadithi ya vibonzo iliyoko mwishoni, kazi ya wachoraji wawili wanaotumia jina moja la Akira Himekawa, inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto kuanzia nyuma ya kitabu. Hilo halikunisumbua hata kidogo, kwani chuoni kwetu msahafu tuliufungua upande huo huo.

Uzuri wa vibanio ulidhihirika baadaye. Kitabu chenyewe kinatahadharisha kwamba historia hii inaweza kubadilika, na kweli ikabadilika. Katika Hyrule Historia, michezo miwili ya Oracle inatangulia Link's Awakening, lakini katika Encyclopedia, kitabu kingine cha michezo hii kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2018, Link's Awakening imehamishwa ikawa kabla ya hiyo miwili. Aliyechora kwa wino alilazimika kununua manila nyingine. Mimi nilisogeza kibanio kimoja, nikarudi kunywa chai. A Link Between Worlds, iliyotoka mwishoni mwa 2013, iliingia kwenye uzi huo huo bila matatizo. Breath of the Wild na Tears of the Kingdom nimezitundika kwenye msumari wa pekee, nje ya nyuzi zote tatu, kwa sababu Nintendo yenyewe imeziweka mbali na matawi hayo, na kila wiki kuna mpwa anayejaribu kuzisogeza kinyemela kuelekea upande anaoupenda.

Anayetaka kuiga anunue vibanio vya mbao, si vya plastiki, kwa kuwa vya plastiki hupasuka mapema ukumbi ukiwa na jua la alasiri. Kamba nayo ailoweshe maji na kuivuta siku moja kabla ya kuifunga, la sivyo italegea, na Spirit Tracks itakuwa inagusa sakafu.