Siku yangu na bei za nchi sita

Saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kupiga mswaki nimeshaangalia viwango vya fedha kwenye simu. Kampuni yetu ndogo hapa Sinza, Dar es Salaam, inauza programu ya hesabu za duka: mzigo, mauzo na madeni. Bei za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Kongo na Oman nazipanga mimi. Riali ya Oman hainipi presha, maana imefungwa na dola tangu 1973, na tangu 1986 riali moja ni kama dola 2.6. Shilingi zetu ndizo za kuangaliwa.

Saa tatu na nusu, meseji kutoka Kigali: "Dada, mbona mnaniomba laki tano?" Nikaacha chai. Kifurushi chake ni faranga 5,000! Jana tulibadilisha njia ya malipo. Mifumo mingi husoma kiasi kwa senti, hivyo shilingi 500 ya Kenya huandikwa 50,000. Faranga ya Rwanda na shilingi ya Uganda huko hazina senti, na sisi tulizidisha zote kwa mia. Riali ndiyo ina baisa 1,000, kwa hiyo huzidishwa kwa elfu. Namshukuru Mungu mama yule hakuweka namba ya siri. Nilimpigia mwenyewe nikamwomba radhi, kisha nikakaa na fundi wetu tukajaribu sarafu moja moja mpaka saa sita.

Kongo sikuigusa. Wateja wetu wa Lubumbashi wananunua mzigo kwa dola, na bei yao tumeiacha kwa dola.

Saa nane, kikao kuhusu Uganda. Bosi anataka watu walipie mwaka mzima, laki mbili, wapate punguzo. Nilimsomea alichoniambia mwenye duka mmoja wa Kampala: "Nikiwa na laki mbili za kulaza, naongeza sukari dukani." Hilo kikokotoo hakikuonyeshi. Laki mbili anazipata, ila pesa yake inalala kwenye mzigo na kurudi kidogo kidogo. Mpe kifurushi cha wiki cha 5,000, atalipa Jumatatu hadi Jumatatu, hata kama kwa mwaka inafika 260,000. Muscat ni tofauti, wengi wanalipa mwaka ili wasisumbuliwe. Tulibishana sana, nikapewa miezi mitatu ya kujaribu.

Saa kumi, kodi. VAT ni 16% Kenya, 18% Uganda, 5% Oman, nami nasisitiza iwe ndani ya bei inayoonekana. Mtu aliyeona 500 akakatwa 580 anajua amedanganywa, na ana haki.

Saa mbili na robo usiku, nakosha vyombo, simu ikalia. Kigali: faranga 5,000 zimeingia.