Injini ya baba mdogo

Leo jioni injini ya baba mdogo imewaka ndani ya bodi nyingine, na nina furaha ambayo siwezi kulala nayo bila kuiandika.

Corolla yake ni toleo la AE100 la miaka ya mwanzo ya tisini: injini aina ya 5A-FE, cc 1498, gia tano za mkono. Ameifanyia teksi hapa Tanga miaka mingi, na upepo wa bahari umeila. Sakafu upande wa dereva ina matundu, na pale pa kuwekea jeki chuma kinameguka ukikigusa kwa bisibisi. Lakini injini hailambi oili na gia zinaingia bila kulazimishwa. Nilikataa kata kata iende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikatafuta bodi hadi nikapata AE100 iliyokuwa imeishi Dodoma, haina kutu hata chini ya zulia. Tatizo lake lilikuwa injini iliyochoka, inatoa moshi wa bluu kila asubuhi. Halafu ilikuwa ya otomatiki.

Watu waliniambia kazi ni ndogo kwa kuwa magari yanafanana. Kwa injini yenyewe walisema kweli. Tuliitoa ikiwa imeungana na giaboksi yake, ikaning'inia kwenye mnyororo, ikashuka mahali pake vizuri. Kilichotutoa jasho ni pedali ya tatu.

Gari la otomatiki halina klachi, basi kila kinachohusu klachi lazima kihame. Tulifungua fremu nzima ya pedali tukiwa tumelala chali chini ya usukani. Ikafuata masta silinda ya klachi, bomba lake hadi kwenye silinda ndogo ya giaboksi, kebo mbili za gia na mkono wa gia wenyewe. Draivshafti tulizichukua za gari la baba mdogo, na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, vilevile, ili injini ifanye kazi na kile ilichokizoea. Klachi pleti, presha na beringi yake tukaweka mpya, pamoja na sili ya nyuma ya kranki. Hapo sikukubali kubana pesa. Sili hiyo ni ya bei ndogo, lakini ikianza kuvuja gari likiwa barabarani, itabidi giaboksi ishuke upya.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ya waya. Kwenye otomatiki, umeme wa kuamrisha stata unapitia swichi iliyoko kwenye giaboksi, ambayo huuruhusu tu mkono wa gia ukiwa P (kuegesha) au N (gia huru). Giaboksi hiyo ikiondoka, njia inakatika: utazungusha ufunguo na stata haitajibu. Fundi alizifuata waya mbili za swichi hiyo, akaziunganisha, akazifunika vizuri, kisha akapeleka za taa ya rivasi kwenye swichi ya giaboksi ya mkono. Kila hatua aliwaeleza vijana wake sababu yake. Namheshimu sana fundi anayefundisha huku mikono yake ina grisi. Aliwaonya pia kwamba sasa gari litawaka hata likiwa kwenye gia, kwa hiyo mguu uwe kwenye klachi daima.

Baba mdogo alifika jioni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye boneti. Alisikiliza injini kwa muda, akakanyaga klachi, akapitisha gia zote gari likiwa limesimama.

"Mwanangu, hili ndilo gari langu," akasema.

Kadi ya usajili wa gari ina maoni yake. Gari linatambuliwa kwa namba ya chasisi, na chasisi ni ya Dodoma. Namba ya injini nayo imeandikwa humo humo, na sasa si ile iliyopo chini ya boneti, kwa hiyo lazima nipeleke taarifa TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kuzunguka nalo mjini. Nimeweka pamoja kadi zote mbili na mkataba wa mauziano. Lakini likiulizwa swali la gari ni la nani, mimi niko upande wa baba mdogo. Mikono yake inaijua hiyo gia ya pili, na sikio lake linaijua hiyo injini.

Kesho nitaangalia kama kuna tone la oili chini ya giaboksi, na kama maji ya rejeta yamepungua. Kadi ikinyooka tutapanda Lushoto. Ameshaniambia kwamba kuanzia Mombo, barabara inapoanza kupanda mlima, usukani ni wake.