Siku moja maishani mwangu: seremala wa Mtwara na bawa la ndege ya rimoti

Saa 12 na robo asubuhi nafungua karakana yangu hapa Chikongola. Kwenye benchi, kati ya miguu ya kitanda na kopo la vanishi, imelala ndege yangu bila bawa. Ina uzito wa kilo moja na robo. Bawa lina urefu wa mita 1.4, nimelichonga kwenye sponji nyeupe ngumu, ile inayofungashiwa friji, nikalipitishia fito ya mwanzi ndani. Wiki nzima kusi imevuma kwa fujo. Leo imetulia, kwa hiyo jioni tunarusha.

Saa 2, kazi za watu kwanza. Mpwa wangu anapiga randa mlango wa mninga, mimi natindua nafasi za bawaba.

Saa 4 na nusu, chai na ming'oko. Hapo ndipo naivuta ndege karibu. Mwezi uliopita nililifunga bawa kwa bolti mbili za chuma, nikazikaza mpaka mwisho. Ncha ya bawa ikagusa mnazi. Bolti hazikuachia, zikapasua kiwiliwili kutoka mbele hadi karibu na mkia, na bawa nalo likakatika katikati. Iliniuma sana. Bawa lazima lishike barabara hewani, lakini likipigwa kishindo liachie. Wengine hutumia bolti za plastiki zinazokatika zenyewe. Mimi nimerudi kwenye pete za mpira, zinazovutwa juu ya bawa kutoka kijiti hadi kijiti.

Nimepitisha vijiti viwili vya mpingo kwenye kiwiliwili, kulia kwenda kushoto, kimoja mbele ya bawa na kingine nyuma. Ni mabaki niliyopewa na mchonga vinyago, unene milimita 6, na vimechomoza sentimita moja na nusu kila upande. Nimevisugua kwa msasa mpaka vikawa laini, maana ukingo mkali hukata mpira. Pale vinapopita nimebandika plaiwudi kwa ndani, la sivyo tundu hutanuka siku hadi siku.

Saa 7 mama mmoja anakuja kuulizia kitanda chake. Kesho, mama, bado rangi.

Saa 9 tunakata pete za mpira kwenye tyubu ya baiskeli.

"Mjomba, minne si inatosha?"

Namwambia ndege ikilala kwenye kona kwa nyuzi 60 bila kushuka, bawa hubeba uzito mara mbili, na ukiiinua ghafla ikiwa inapiga mbizi, huweza kufika mara nne. Hiyo ni kilo tano. Tunaazima mizani ya kuning'iniza kwa jirani muuza samaki. Mimi nashika bawa, mpwa wangu anavuta kiwiliwili chini. Kwa mipira minne, kilo tano hazijafika tayari naona mwanga kati ya bawa na kiwiliwili. Kwa minane, kimya. Sita inakwenda sambamba, miwili ya mwisho inapishana msalaba juu ili mingine isiteleze. Chini yake, kwenye kingo za bawa, kuna vipande vya chupa ya plastiki, kwa sababu mpira hula sponji.

Kisha uzi, kutoka ncha ya bawa hadi katikati ya mkia: kushoto sentimita 95, kulia 96 na nusu. Tofauti hiyo huifanya ndege ivute upande mmoja. Nalisogeza taratibu mpaka zilingane, halafu napiga mstari wa penseli unaovuka bawa na kiwiliwili.

Saa 11 jioni tuko uwanja wa mpira upande wa Mikindani, mbali na uwanja wa ndege. Tunaiinua kwa ncha za bawa, tunaitikisa. Haichezi. Inaruka vizuri, inakata kona juu ya michungwa ya watu bila kutetemeka. Wakati wa kutua, upepo unaisukuma na ncha inachota mchanga. Bawa linazunguka juu ya kiwiliwili, mpira mmoja unachomoka. Hakuna kilichovunjika! Tunalirudisha kwenye mstari wa penseli na kuirusha tena kabla ya adhana ya magharibi.

Saa 2 usiku navua mipira yote, naipaka poda na kuitia kwenye kopo. Ikilala imevutwa, asubuhi huwa imelegea.