Koti la bluu, mara ya pili

Nianze na yule aliyeniambia nitie chumvi kwenye maji ya kufulia koti ili rangi isichuje. Ndugu yangu, ilichuja. Ilipaka beseni, ikapaka shati langu jeupe la harusini, vidole vikabaki bluu hadi Jumapili. Chumvi tuwaachie samaki.

Kazi yangu ni kupima dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na alfajiri upepo wa ziwani hauna adabu. Nilibahatisha koti la mtumba soko la Mlango Mmoja, elfu 6 au 7 hivi: bluu, halina bitana, mifuko mitatu ya kubandika. Ni lile koti la vibarua wa Ufaransa, wenyewe huliita bleu de travail, wamelivaa viwandani na mashambani tangu karne ya 19. Daftari la mizani mfuko wa chini, simu upande wa pili, kalamu kifuani. Lilipochakaa nikasema nashona lingine mwenyewe, cherehani ya marehemu mama ipo.

La kwanza nililishona bila kufua kitambaa, maana jirani alisema ukikifua kabla kinapoteza sura. Lilinipendeza wiki moja. Baada ya kufuliwa (na ile chumvi) mikono ilipanda vidole vitatu, na kifungo cha tatu kikawa kinalitazama tundu lake kwa mbali. Sasa analivaa mpwa wangu wa darasa la saba.

Nikarudi Makoroboi, kwenye maduka ya vitambaa. Muuzaji akanionyesha jora: "Pamba tupu hii kaka, hairudi wala haichuji." Hapo nikashtuka. Pamba gani isiyorudi, yaani isiyosinyaa ikifuliwa? Nikaomba nyuzi mbili za pembeni, nikatoka nazo barazani, nikawasha kiberiti. Zilijikunja, zikayeyuka, zikaacha kidonge cheusi kigumu. Plastiki hiyo. Za jora la pili ziliwaka mara moja, zikanuka karatasi inayoungua, majivu laini nikayapuliza yakapotea.

"Kaka, umekuja kununua au kuniunguzia duka?"

Nikachukua mita 2 na nusu za hilo la pili. Nyumbani maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili, likaanikwa na kupigwa pasi. Kupima tena, nusu shibiri na ushee haipo. Afadhali ipotelee kwenye beseni kuliko kifuani kwangu.

Ujanja ninaojivunia ni huu: lile koti kuukuu nililifumua kwa wembe nusu moja tu. Kushoto na kulia ni pacha, kwa hiyo vipande vya kulia nilivipiga pasi, nikavichora kwenye gazeti na kuongeza upana wa kidole kwa mshono. Upande wa kushoto niliuacha mzima uninong'oneze kipi kinatangulia. Bila huo ningekuwa bado nageuza kola. Kushona kwenyewe siku mbili. Sindano mbili za namba 14 zilikatika kwenye kona za mifuko, weka 18 mapema. Kona hizo zipige mshono wa pembetatu ndogo, daftari ni zito.

Juzi nimelivaa kazini, mama mmoja wa dagaa akanizunguka, akashika kola, akaangalia mshono wa ndani.

"Baba, bwelasuti nzuri. Suruali yake umeiacha wapi?"