Dola 160 za korosho na mjadala usioisha kusini

Wanaobishana vijiweni Tandahimba au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kuhusu ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje waanze na hesabu. Kiwango ni asilimia 15 ya thamani ya mzigo bandarini au dola 160 kwa tani, ipi kubwa. Tani ikiuzwa dola 1,000, asilimia 15 ni 150, kwa hiyo inatozwa 160. Ikiuzwa 1,500, inatozwa 225. Bei ikiporomoka, zile 160 zinabaki palepale, na mnunuzi huziondoa kwenye bei anayotoa mnadani. Anayezibeba ni mkulima.

Hadi 2018, asilimia 65 ya fedha hizo ilitengwa kurudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, miche, utafiti. Mwaka huo Bunge likabadili sheria, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga, na kwa maoni yangu walikuwa sahihi kabisa. Salfa, dawa ya mikorosho, haingoji bajeti: isipopulizwa msimu wa maua, ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiriunga unayakausha. Novemba mwaka huohuo wanunuzi wakaja na bei ndogo, Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki wa kuwabaini wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima kinyume cha utaratibu, ukachelewesha malipo.

Kwenye mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, ulizeni makato moja moja, tena yaandikwe kwenye muhtasari.